Deni Lisiloandikwa

Katika darasa letu la baada ya sala ya Isha, ndugu mmoja mfanyabiashara alileta suala ambalo tulilidhani jepesi, kumbe ni zito. Alisema: "Kila niendako naambiwa kuwa biashara yangu haina budi kugeuka mara mbili. Igeuke iwe ya kidijitali, yaani hesabu zake, malipo yake na risiti zake zipite katika simu na kompyuta. Kisha igeuke iwe ya kijani, yaani isiichome ardhi wala isiichafue. Je, mageuzi haya ni wajibu juu yetu, au ni hiari, au ni mtego?"

Kama ilivyo desturi yetu, majibu yalitangulia mazingatio. Wazee wetu wawili walisema kuwa hizi ni hila za wenye mali, wanataka kuujua mfuko wa maskini kabla hawajaufungua. Vijana wakasema kuwa dunia inakwenda mbio, na asiyekwenda nayo atakanyagwa. Kila upande ulisema neno lenye ukweli ndani yake, lakini hapana upande uliouliza: mambo haya mawili yanabadilisha nini baina ya mtu na mtu, na baina ya mtu na ardhi aliyokabidhiwa? Hilo ndilo suala la dini na la akili, na ndilo tunalotaka kulitazama hapa.

Ndugu huyo ni mtu wa hapa kwetu pwani, lakini biashara yake ni ya mahindi, na mahindi yake huyanunua Ziwa. Ziwa ni mji mdogo katika kaunti ya Uasin Gishu, kaskazini mwa Eldoret, upande wa Soy. Huenda msomaji wa Mombasa au Malindi akauliza: sisi na Ziwa tuna nini? Tuna sima, ewe ndugu. Unga unaosongwa katika majiko yetu ya mwambao aghlabu ni wa mahindi yaliyopandwa katika nyanda zile za juu mwezi wa Machi na Aprili, yakavunwa tangu Oktoba hata mwisho wa mwaka. Mwenye kula kwa jirani hana haki ya kusema kuwa mambo ya jikoni kwa jirani hayamhusu.

Huko Ziwa ndugu yetu hufanya biashara na mama mmoja mwenye shamba na mwenye kisiagi, yaani mashine ya kusaga unga. Jina lake tunalistiri. Biashara yake ni moja katika jumla kubwa mno: hesabu ya serikali iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa Kenya ina biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na katika hizo zenye leseni ni kama milioni 1.56 tu. Basi anayesema juu ya uchumi wa Kenya na akawasahau watu wa kisiagi, wa kibanda na wa duka la pembeni, amesema juu ya paa akaisahau nyumba.

Mama huyu si mtu wa nyuma. Hupokea malipo kwa namba ya Lipa na M-Pesa, na mizani yake ni ya tarakimu. Anajifunza kutoa risiti za mfumo wa eTIMS, ambao Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilianza kuwataka watu waufuate mwaka 2023. Nyumba yake ina taa ya jua. Kisiagi chake kinakwenda kwa dizeli, naye anatamani kukibadilisha kiende kwa umeme au kwa jua, kwa sababu dizeli inamla faida na moshi wake unamkaa kifuani. Ukimtazama kwa juu utasema: huyu ndiye mtu aliyegeuka, na sisi tumfuate. Lakini alipoulizwa hali, alisema kuwa amezama katika deni la simu, na deni hilo limemzaa la pili, na la pili linambishia mlango kila alfajiri.

Hapo ndipo tuliporudi katika asili ya jambo. Kila mwanafunzi wa chuo anajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile iliyo katika Suratul Baqara inayozungumzia deni. Ni ajabu kuwa kitabu cha uongofu kimeipa nafasi kubwa kuliko zote amri ya kuandika: deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, na wala watu wasichoke kuandika. Kwa nini? Kwa sababu dhuluma nyingi hazianzi kwa nia mbaya. Huanza kwa kusahau, kisha kusahau kukageuka kukana, na kukana kukageuka ugomvi.

Kwa hiyo twasema waziwazi: kuiandika biashara, ikiwa kwa kalamu au kwa simu, si bidaa katika dini, bali ni kuitii dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapo Mombasa, aliwahimiza watu wa pwani wasikae nyuma katika elimu na kazi, na wasijifiche nyuma ya dini kwa ajili ya uvivu wao. Maradhi aliyoyaonya yangalipo. Wangapi katika sisi wana duka la miaka ishirini na hawana daftari hata moja? Mtu huyo, mwaka unapotimia, huitoa vipi zaka yake? Hajui mali yake ni kiasi gani, hajui anachodai wala anachodaiwa. Hutoa kwa kukisia, na mwenye kukisia aghlabu hujikisia kwa upande wa nafsi yake.

Na katika sokoni mambo ni hayohayo. Wauzaji wa bara hupima mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kilo mbili hivi, na watu wote wanajua hila ya kulibonyeza kopo kitako ili lichukue pungufu. Kurani ina sura nzima, Suratul Mutaffifin, iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Mizani ya tarakimu iliyokaguliwa haibonyezeki kitako. Malipo ya M-Pesa, tangu yalipoanza Machi 2007, huacha alama ya nani amemlipa nani, kiasi gani na saa ngapi. Mjane ambaye zamani fedha zake zilikuwa mikononi mwa shemeji sasa anazo katika simu yake na siri yake. Hizi ni neema, na mwenye kuzikana anaikana haki.

Lakini aya ile haikusema tu kuwa deni liandikwe. Ilisema pia ni nani wa kuimlisha, yaani nani amtamkie mwandishi maneno ya kuandika. Haki hiyo haikupewa mwenye kukopesha. Ilipewa mwenye kudaiwa. Na akiwa huyo ni dhaifu, basi msimamizi wake ataimlisha kwa uadilifu. Hekima yake iko wazi. Mwenye mali ana nguvu, na mkopaji ana dhiki. Lau mwenye nguvu ndiye atakayetunga maneno, mwenye dhiki atakubali lolote. Kwa hiyo kalamu imewekwa upande wa mnyonge ili mizani isimame sawa.

Sasa tutazame mkopo wa simu. Anayeimlisha ni nani? Maneno yametungwa na mwenye mali, yamewekwa katika kurasa nyingi ambazo hazisomwi, nayo yameletwa kwa mtu aliyesimama sokoni, jua limemchoma, wateja wanamngoja. Anaambiwa abonyeze namba moja kukubali. Anabonyeza. Tangu lini kubonyeza kukawa ni kuimlisha?

Kisha tazama majina. M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, mkopo wake wa siku 30 ulitozwa 7.5%, na tozo hilo likaitwa ada. Mtu akikopa shilingi 1,000 alipe 1,075, hasemi kitu. Shilingi 75 ni nauli tu. Lakini biashara ndogo haikopi mara moja. Akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka, atakuwa amelipa shilingi 900 kwa ajili ya elfu moja ileile. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkamilishia mtu malipo yake pale salio lake linapopunguka, nayo ina tozo lake. Wako watakaotuambia kuwa ada ni ujira wa kazi wala si riba. Ikiwa ni ujira wa kazi, basi kazi ya kuandika mkopo wa elfu moja na ya kuandika mkopo wa elfu kumi ni ileile, na ujira ungalikuwa uleule. Ujira unaokua kwa kukua deni, na kurudi kwa kurudi mwezi, umeyaacha mavazi yake ukavaa ya mwenzake. Sisi hatumhukumu mtu kwa dhiki iliyompata, lakini hatutaliita jambo kwa jina lisilo lake.

Yakaja na ya heshima. Mama yule alikopa mara ya pili, kwa mkopeshaji mwingine, ili alipe deni la kwanza. Alipochelewa, mkopeshaji huyo aliwapigia watu walioandikwa ndani ya simu yake, akiwamo kaka yake na mwalimu wa mtoto wake, akawatangazia kuwa huyu ni mdeni asiyelipa. Jambo hili si geni. Malalamiko ya namna hii yalikithiri Kenya hata Benki Kuu ikatoa kanuni Machi 2022, kuwataka wakopeshaji wa kidijitali wachukue leseni, na kuwakataza kumtisha mdeni au kumwaibisha kwa jamaa zake. Na kabla yake ilikuwako sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Sheria ni nzuri, lakini heshima ya mtu ikishamwagika, kanuni haiizoi.

Na aya mbili tu kabla ya ile ya deni, ipo amri kuwa mdeni akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Mashine haijui dhiki. Taa ya jua inayolipiwa kidogo kidogo huzimwa kwa mbali siku malipo yanapokatika, na haiulizi kama mtoto ana mtihani kesho au kama mvua imekawia. Mashine haina kosa, imefanya iliyoamriwa. Kosa ni la mtu aliyeiamrisha akasahau kuiwekea mlango wa huruma.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, sisi darasani tulikuwa tumestarehe. Tulikuwa tumekwisha kumkamata mwenye dhambi, naye hakuwa mmoja wetu. Ndipo mmoja katika wanafunzi wadogo alipouliza: "Kwani yule mama alikopa kwa sababu gani?"

Ndugu yetu mfanyabiashara alinyamaza kwa muda. Kisha akasema. Mwezi wa Novemba alichukua kwa yule mama magunia 40 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja. Alilipa nusu, na nusu akaahidi kuilipa baada ya mwezi. Haikuandikwa, kwa sababu wanajuana. Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa minne. Si kwamba hakuwa nacho. Alikuwa nacho, lakini alikiingiza katika shehena nyingine. Ilipofika Machi, wakati wa kupanda, yule mama hakuwa na fedha za mbolea wala za dizeli, na ndipo alipobonyeza namba moja. Ndugu yetu alipokwenda kumjulia hali, mama alimwambia kwa upole neno hili: "Bwana, mimi nimeandikwa kila mahali. Wewe hukuandikwa popote."

Tangu usiku ule neno hilo halijatutoka. Deni analodaiwa mnyonge linaandikwa kwa dakika na kukumbushwa kila alfajiri. Deni analomdai mwenye nguvu halina daftari. Hiyo ndiyo hatari ya mageuzi ya kidijitali yakiingia katika jamii isiyo na uadilifu: hayaleti dhuluma mpya, bali huipa dhuluma ya zamani miguu ya mbio. Basi sisi tunaolaani riba ya simu tujiulize ni mara ngapi riba hiyo imezaliwa na kuchelewesha kwetu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kubainisha kuwa mwenye nacho akichelewesha kulipa ni dhalimu. Hatuna udhuru.

Tukishalifahamu hili, suala la kijani halina ugumu tena, kwa kuwa nalo ni suala la deni lisiloandikwa. Ardhi imetukopesha, na hakuna aliyeandika. Wataalamu wa kilimo wameeleza kuwa udongo wa sehemu nyingi za Uasin Gishu umekuwa na tindikali, na katika sababu zake ni kupanda mahindi juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka, kwa mbolea za namna moja, bila ya kuurudishia udongo chokaa. Mkulima aliandika magunia aliyovuna. Hakuandika alichokitoa katika udongo. Mwenye kisiagi aliandika dizeli aliyonunua, hakuandika moshi. Na sisi wa pwani tuliandika faida ya mkaa na ya boriti za mikoko. Hatukuandika samaki waliokosa pa kuzalia. Kila daftari linaloacha kuandika upande mmoja litaonyesha faida, mpaka siku mdai atakapokuja. Na mdai huyu haji kwetu. Huja kwa wajukuu zetu.

Huenda mtu akasema: moshi wa kisiagi kimoja ni tone katika bahari, na walioichafua hewa ya dunia ni mataifa makubwa yenye viwanda, kwa nini mzigo atwishwe mama wa Ziwa? Kauli hii ina haki ndani yake. Umeme wa Kenya, karibu sehemu tisa katika kumi, hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito kama Tana, upepo wa Turkana na jua. Nchi ya namna hiyo si ya kuhubiriwa na wale wanaochoma makaa ya mawe. Tunasema pia kuwa mwenye kuamrisha kijani na asimsaidie mnyonge kuifikia, ameamrisha kwa mali ya mwingine. Tulipopigwa marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, adhabu ilifika hata shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mwenye kiwanda ana wakili, na mwenye kigenge ana nini?

Lakini haki ya kulalamika haikuondoi katika wajibu wako. Mfuko ule ulioziba mtaro wetu haukutupwa na mataifa makubwa, tuliutupa sisi. Na ulipoondoka, nini kilirudi? Kikapu cha ukindu, ambacho bibi zetu walikisuka kabla hatujazaliwa, na sisi tukakionea haya. Mafunzo ya kutofuja maji hata mtu akiwa kando ya mto tuliyapata chuoni, na jina la kijani lilikuwa halijazuliwa. Basi si kweli kuwa tunaitwa kwenye jambo la kigeni. Tunakumbushwa jambo letu na watu wengine, na hiyo ndiyo aibu yake.

Tena tazama jinsi mambo mawili haya yanavyofungana. Yule mama anataka kuacha dizeli. Mota ya umeme au mitambo ya jua yataka fedha nyingi kwa mara moja, na faida yake huja polepole kwa miaka. Mkopo wa siku 30 haununui kitu cha miaka kumi. Ukimwambia ageuke awe wa kijani, na njia uliyomwachia ni deni la ada, umemtoa katika moshi ukamtia katika moto. Kwa hiyo mageuzi ya ardhi hayatatimia bila ya mageuzi ya mikopo, na mageuzi ya mikopo hayatatimia bila ya mageuzi ya nafsi zetu sisi tunaonunua na kuuza.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mwenye biashara, awe na meza ya mihogo au ghala, aandike, kwa daftari au kwa simu, na aanze na anachodaiwa kabla ya anachodai. Pili, asibonyeze kabla ya kusomewa. Na sisi wenye kusoma tuwasomee wasiojua, kwani aya imemtaka mwandishi asikatae kuandika kama alivyofundishwa. Darasa letu limetenga saa moja kila Jumamosi kwa kazi hii. Tatu, tulipe kwa wakati. Mnunuzi anayemlipa mkulima siku ya mzigo amemwepusha na riba bila ya kutoa hotuba. Nne, wenye mali washirikiane na wenye kazi. Benki za Kiislamu zilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na vyama vya ushirika vimejaa kila mji. Lakini mbali ya hayo, nini kinachowazuia watu watano wa Mombasa kununua mota moja, kuitia katika kisiagi cha Ziwa, na kugawana faida na hasara na mwenyewe? Fikihi yetu imejaa milango ya musharaka na mudharaba. Sisi tumeihifadhi kwa mitihani, tukaisahau sokoni. Tano, kila mwaka tunapohesabu zaka tuulize pia: mwaka huu nimetoa nini katika ardhi, na nimerudisha nini?

Ndugu yetu alilipa deni lake lote wiki ileile, na kwa magunia ya msimu ujao wameandikiana: mama ndiye aliyetamka maneno, na ndugu yetu ndiye aliyeandika, mashahidi wakiwapo. Hatumsifu kwa hilo. Ni haki iliyochelewa. Sisi wengine tulirudi majumbani usiku ule kila mtu akihesabu kimoyomoyo majina ya watu anaowadaisha ahadi, na hapana aliyetoka na hesabu tupu. Asubuhi yake duka la vitabu la karibu na msikiti liliuza madaftari mengi kuliko kawaida.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuandika kabla ya kuandikwa, na kulipa kabla ya kudaiwa, kwani liko daftari ambalo halibonyezwi, halifutwi, wala halisahau. Wabillahi tawfiq.